Njule wa Gede na buabua wa Watamu: yupi yuko hatarini zaidi?

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwongoza wageni hapa Watamu. Asubuhi napeleka watu msitu wa Arabuko-Sokoke kutazama ndege na yule njule mwenye kiuno cha manjano. Jioni, bahari ikiwa shwari, tunatoka na mashua. Wiki iliyopita mgeni mmoja alisoma kwenye simu yake kwamba njule yuko hatarini kutoweka lakini buabua wanaotaga Whale Island, ule mwamba mdogo wa baharini hapa Watamu, hawatiliwi wasiwasi. Akaniambia basi niwaache vijana waokote mayai, ndege wenyewe wamejaa. Nahodha wangu akamuunga mkono, nami nikakosa la kujibu. Tena, sisi tumelelewa tukiambiwa njule ni panya wa msituni mwenye pua ndefu, na buabua ni shakwe mdogo. Ni kweli? La mwisho: mbwa wa jirani alikuja na njule mdomoni, bado hai. Tukamtia kwenye ndoo, tukampa ugali na maji, akafa usiku. Tulikosea wapi?*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, lakini nadhani linalokukera ni moja. Umekuwa ukiwakataza vijana wasiokote mayai, halafu anatokea mtu na simu mkononi, anakuambia mbele ya nahodha wako kwamba unajisumbua bure. Niseme tangu sasa: mgeni wako hakusoma vibaya. Njule wa Gede yuko katika kundi la walio hatarini kutoweka, na buabua wa Whale Island wako katika kundi la wasiwasi mdogo. Alipoteleza ni kudhani kwamba orodha ile inazungumza habari za Watamu. Nitafika huko. Kwanza nimalize la panya, maana ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi.

Usiwaone haya wazee waliokuambia njule ni panya. Wataalamu wenyewe walikosea kwa zaidi ya karne moja, ila kosa lao lilikuwa la namna nyingine: walimweka pamoja na kirukanjia, kwa sababu ya ile pua na kwa sababu anakula wadudu. Ndiyo maana jina lake la Kiingereza linamwita kirukanjia wa tembo. Lakini panya anatambulikana kwa meno. Jamii yote ya panya, kuanzia panya wa jikoni hadi nungunungu, ina meno mawili ya mbele juu na mawili chini, yanayokua maisha yote na kumlazimu mwenyewe atafune kitu kila siku ili yasizidi. Njule wetu mkubwa, ukimtazama kinywani (aliyekufa, si mzima), meno ya mbele ya juu hana, au anayo madogo mno yasiyo na kazi. Alichonacho ni ulimi mrefu unaochomoza na kuokota sisimizi kwenye majani makavu. Panya asiye na meno ya mbele angekufa njaa.

Basi ni nani? Kufikia mwaka 1956 njule walishapewa oda (kundi kubwa linalokusanya familia zenye asili moja) yao wenyewe, Macroscelidea, kwa sababu hawakuingia vizuri kwa mtu yeyote. Halafu miaka ya 1990 ukaja uchunguzi wa vinasaba, yaani kulinganisha maandishi ya DNA ya mnyama mmoja na mwingine herufi kwa herufi, na majibu yakawashangaza hata waliofanya kazi hiyo. Njule aliangukia kwenye ukoo mmoja na tembo, nguva, pimbi, muhanga, fuko-dhahabu na tenreki wa Madagaska. Mwaka 1998 ukoo huo ukapewa jina Afrotheria, maana yake wanyama wa Afrika, kwa kuwa asili yao ni bara hili lilipokuwa peke yake baharini kama kisiwa kikubwa. Kwa hiyo mgeni akikuuliza, mwambie hivi: nguva anayekula nyasi za bahari huko Lamu ni ndugu wa njule kwa karibu zaidi kuliko panya aliyepita chini ya kitanda chake cha hoteli.

Najua hili linagoma kuingia. Macho yanakataa. Lakini wewe ni mtu wa bahari, hebu fikiria pomboo na papa. Wote wana pezi mgongoni, wote wamechongwa kama mtumbwi, na anayewaona kwa mara ya kwanza atasema ni ndugu. Mmoja anavuta hewa na kunyonyesha, mwingine ni samaki. Bahari iliwachonga umbo moja kwa sababu kazi ni moja. Hali kadhalika mnyama yeyote mdogo atakayeishi kwa kufukunyua wadudu kwenye majani ataishia na pua ndefu, awe anatoka ukoo gani. Umbo linakuonyesha riziki ya mnyama, si wazazi wake.

Nyongeza ndogo itakayowafurahisha wageni: wataalamu walipochoka na jina hilo la kupotosha, walikuja kuazima neno kwetu. Siku hizi vitabuni njule wote huitwa *sengi*, neno lililotolewa kwenye lugha za Kibantu, ndugu wa *sange* au *sanje* unalolisikia Pwani.

Sasa buabua. Hapa waliokulea hawakukosea sana. Buabua na shakwe ni ngeli ya ndege, oda ya Charadriiformes, na wengi wa wataalamu leo wanawaweka katika familia moja, Laridae. Kusema buabua ni shakwe mdogo ni kama kusema paka ni simba mdogo: ukoo ni huo, mnyama siye. Shakwe ni mzito, mdomo wake una ndoana mbele, atakaa juu ya maji na atakula chochote, hata matumbo ya samaki mnayotupa pale diko. Buabua ni mwembamba, mdomo kama sindano, mkia umepasuka kama mkasi, na kazi yake ni moja: kusimama hewani, kulenga, kujitupa majini na kutoka na kisamaki. Wavuvi wa jodari wanamjua kwa hilo. Wakiona wingu la buabua linapiga mbizi, wanajua jodari wako chini wanasukuma dagaa juu.

Neno "ndege wa baharini" lenyewe lisikudanganye. Ni kama neno "mvuvi": linataja kazi, halitaji kabila. Yule ndege mweupe na mweusi mla kaa anayesimama kwa mamia kwenye hori ya Mida maji yakitoka ni wa oda moja na buabua ingawa hapigi mbizi hata siku moja. Na kinyume chake, wale ndege wakubwa weupe wanaotaga Fungu Kizimkazi, kusini mashariki ya Unguja, wanajitupa majini kama buabua lakini wako oda nyingine kabisa.

Ukitaka kuwalinganisha njule na buabua wenyewe kwa wenyewe kwenye ngazi za uainishaji, hakuna mengi. Himaya moja ya wanyama, faila moja ya wenye uti wa mgongo, na hapo njia zinaachana: mmoja ngeli ya mamalia, mwingine ngeli ya ndege. Babu yao wa mwisho waliyechangia aliishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Hata hivyo kuwalinganisha kunalipa, ila kwa namna wanavyoishi.

Na hapa ndipo tunarudi kwa mgeni wako na simu yake.

Alichosoma ni Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la hifadhi, iliyoanza mwaka 1964. Orodha ile inajibu swali moja tu: kuna uwezekano gani spishi hii ikafutika duniani kote? Haiulizi kama imepungua kwenu au kama watoto wako watamwona. Na ili kupanga majibu, ina milango kadhaa ya kuingilia kwenye hatari. Mlango mmoja ni kasi ya kupungua. Mwingine ni udogo wa eneo analoishi mnyama. Mwingine ni uchache wa idadi yenyewe. Mnyama akiingia kwa mlango mmoja inatosha.

Njule mwenye kiuno cha manjano, *Rhynchocyon chrysopygus*, anaingia kwa mlango wa eneo. Kwa kanuni zao, spishi ambayo eneo lake lote la kuenea halifiki kilomita za mraba 5,000, tena likiwa limekatika vipande au liko sehemu chache tu, na hali inaendelea kuharibika, inahesabiwa kuwa hatarini. Njule huyu makao yake makuu ni Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 hivi, kisha vipande vidogo kama msitu wa magofu ya Gede. Kaskazini, katika misitu ya Boni na Dodori, kamera za kutega zimepiga picha za njule mkubwa wa jenasi hiyo hiyo, na uhusiano wake na huyu wetu umewashughulisha wataalamu. Hata ukijumlisha na huko, ukiifuata ramani kwa kidole hutapata mahali pengine.

Idadi nayo imeshuka. Makadirio ya miaka ya mwanzo ya 1990 yalikuwa kama njule 20,000 ndani ya Arabuko-Sokoke. Baada ya miaka kama 15 hesabu ilirudiwa, ikaja karibu 13,000. Mgeni anaweza kusema elfu kumi na tatu ni wengi. Ni wengi, ndiyo, lakini wote wako ndani ya uzio mmoja, wakitegemea msitu mmoja na maamuzi ya watu wale wale.

Ili uelewe kwa nini eneo ndilo kila kitu kwake, inabidi umwone anavyoishi. Nenda Gede saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kaa juu ya ukuta wa zamani, usiseme. Utamsikia kabla ya kumwona: *chakra, chakra* kwenye majani. Halafu pua inatokea, inazunguka kama kidole cha kipofu kinachotafuta kitasa, inachimba, ulimi unachomoza, kitu kimeliwa. Anasogea hatua mbili, tena. Ukimshtua, anaondoka kwa kishindo akipiga mkia chini, na ile manjano ya kiunoni inawaka kama taa ya nyuma ya pikipiki. (Ngozi iliyo chini ya hiyo manjano ni nene kuliko kwingine mwilini, inadhaniwa ni ngao dhidi ya meno ya njule mwenzake wanapofukuzana.) Uzito wake ni kama nusu kilo. Anaishi na mwenzake mmoja, dume na jike, na eneo lao wanalilinda. Vipimo vilivyochukuliwa Gede miaka ya 1970 vilionyesha kila jozi ina wastani wa hekta 1.7. Ndani ya eneo hilo wana viota kadhaa vya majani, kila usiku wanachagua cha kulala. Wanazaa mtoto mmoja mmoja.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kilomita za mraba 420 ni hekta 42,000. Ukigawa kwa 1.7 unapata jozi zaidi ya 24,000. Lakini njule 13,000 ni jozi kama 6,500 tu, hazifiki hata nusu ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu msitu si kitambaa cha rangi moja. Kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu na kwenye msitu mchanganyiko wenye mibambakofi, majani yanalala chini kwa unene na njule wamejaa. Kwenye mirihi, juu ya mchanga mweupe, pako wazi, majani ni haba, na njule ni wachache. Na popote mihugu ilipokatwa kwa ajili ya vinyago na kuni kuzolewa hadi chini pakawa peupe, jozi moja imepoteza mezani pake na kitandani pake kwa wakati mmoja. Haiwezi kuhamia kwa jirani, kwa kuwa kwa jirani kuna mwenyewe naye atapigana.

Buabua ni kinyume cha haya yote. Wanaotaga Whale Island ni wa aina mbili: mmoja mgongo wake ni wa kahawia iliyoiva, na mwingine, *Sterna dougallii*, ni mweupe mwenye mkia mrefu ambaye kifua chake hupata wekundu hafifu wa waridi wakati wa kuzaa. Nizungumzie huyu wa waridi. Anaonekana pande zote mbili za Atlantiki, Bahari ya Hindi yote hadi Australia, na visiwa vya Pasifiki. Kwetu Kenya anataga pia Kisite, na visiwa vya Kiunga. Kumfuta ndege kama huyo duniani ni kazi ngumu, kwa hiyo orodha inasema wasiwasi mdogo, nami nakubaliana nayo.

Lakini sikiliza kilichompata kwingine. Kaskazini mashariki ya Marekani, ndege huyu huyu aliwindwa karne ya 19 kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake, na hadi leo idadi yake ya kule haijapona sawasawa. Mwaka 1987 serikali ilimwandika kuwa hatarini katika eneo hilo. Ulaya alipungua hadi makundi machache, na kundi kubwa kuliko yote liko Rockabill, mwamba mdogo wa Ireland, ambako watu wanakaa msimu mzima wakimlinda na kumwekea visanduku vya kutagia. Spishi ni moja na alama kwenye simu ya mgeni wako ni moja: wasiwasi mdogo. Ila wa kule nusura waishe. Orodha ya dunia inaweza kubaki vile vile huku ndege wa Watamu wakiisha, kwa sababu haikutengenezwa kuwaona wa Watamu peke yao.

Nahodha anasema wamejaa. Simbishii macho yake. Tatizo ni kwamba anaowahesabu ni watu wazima. Buabua wa waridi anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na kwetu kwenye joto mara nyingi anataga yai moja, kwa nadra mawili. Fikiria kijiji ambacho hakuna mtoto anayezaliwa. Kwa miaka kumi utakwenda sokoni ukute watu wale wale, biashara ile ile, useme kijiji kiko salama. Halafu wazee wanaanza kuondoka mfululizo. Ndivyo kundi la buabua linavyoweza kuokotwa mayai mwaka hadi mwaka na bado mwezi Julai likajaza anga.

Tena kuna suala la jua. Kule juu ya mwamba hakuna kiota cha maana, yai liko juu ya jiwe au kwenye majani mafupi. Mzazi anakaa juu yake kulipasha usiku, lakini mchana kazi yake kubwa ni kulifunika lisichemke. Vijana wanne wakipanda saa sita mchana kuokota mayai thelathini, ndege wote wanaruka. Wale thelathini wameshapoteza. Lakini mamia wengine wanazunguka juu wakipiga kelele huku mayai yao yameachwa uchi juani, na kunguru, ambao Watamu hawana uhaba, wanashuka kufanya yao. Hasara ya mayai thelathini mfukoni ni ndogo kuliko hasara ya yale ambayo hakuna aliyeyaokota. Hilo ndilo la kumwambia nahodha.

Nisikufiche upande wa pili, maana vijana watakuuliza. Kuokota mayai ya ndege wa baharini si lazima kuwe uharibifu kila mahali. Shelisheli mayai ya aina nyingine ya buabua, mweusi mgongoni, yamevunwa kwa muda mrefu chini ya usimamizi: makundi ni makubwa mno, kiwango kikiwekwa, na visiwa vingine vikiachwa bila kuguswa. Aliyepoteza yai mapema msimu anaweza kutaga tena. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba yai ni haramu. Ila mwamba wa Watamu ni mdogo, kundi lake ni dogo, hakuna anayehesabu wala anayepanga kiwango, na maji yale ni ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Masharti yanayofanya Shelisheli iwezekane hapa hayapo hata moja. Na pia niwe mkweli upande wangu: buabua wana tabia ya kuhama. Mwaka mmoja wanaweza kuukataa mwamba wote wakaenda kwingine bila kosa la mtu. Wakikosekana msimu mmoja, usimshike kijana shati. Wakikosekana mitatu mfululizo, hapo tuongee.

Basi jibu la mgeni wako liwe hivi: kwa dunia nzima, njule ndiye aliye hatarini zaidi, bila ubishi. Kwa Watamu, buabua ndiye anayeweza kupotea haraka zaidi, kwa kuwa uzazi wake wote wa mwaka unategemea miezi michache ya kusi, kama Juni hadi Oktoba, juu ya jiwe moja. Njule unampoteza kidogo kidogo, hekta kwa hekta, na ukiacha kukata anaweza kurudi. Kundi la buabua unaweza kuliharibia msimu mzima kwa mchana mmoja.

Kwa kazi yako ya mashua, mimi huwaambia manahodha jambo moja tu: ndege wakianza kuinuka, umeshakaribia mno, geuza. Msishushe mtu pale msimu wa kusi. Zima injini mbali kidogo, mkae upande ambao upepo hauwasukumi kwenye mwamba, na uwape wageni darubini. Nenda asubuhi au jioni, si saa ya jua kali. Picha zitakuwa nzuri zaidi vilevile, kama hoja ya hifadhi haiwaingii.

Kwa njule, adui mkubwa hana sura ya jangili. Ni tanzi la waya lililotegewa paa likamnasa yeye, ingawa nyama yake haisifiwi na mtu. Ni mbwa wanaoachwa wazurure ukingoni mwa msitu. Ni kuni. Siwezi kumwambia mama mwenye jiko la mafiga matatu asiokote kuni, na anayemwambia hivyo bila kumpa njia nyingine anajifurahisha mwenyewe. Ndiyo maana napenda mradi kama Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, ambako wakulima wa ukingoni wanafuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga: msitu ukisimama, mfuko unapata kitu. Kazi yako wewe ni ya mlango huo huo. Kila mgeni anayelipa kumwona njule akiwa hai ni hoja unayoweza kuipeleka kwenye baraza la kijiji bila kutaja Kilatini.

Nimalize na yule wa kwenye ndoo. Pole, na usijilaumu sana. Pengine angekufa vyovyote. Meno ya mbwa ni machafu, yanapenya ndani kuliko kidonda kinavyoonekana nje, na mnyama mdogo hivi anaweza kufa kwa hofu peke yake. Ugali haukumsaidia kwa kuwa yeye ni mla wadudu, na ndoo ilimweka mahali peupe, watu wakimchungulia, sauti juu. Siku nyingine, mfunge mbwa kwanza. Chukua boksi la katoni, toboa matundu, tia majani makavu mengi, mwingize, funika, weka mahali penye giza na kimya. Usimlishe, usimnyweshe, usimshikeshike. Piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, kituo kilicho karibu. Kama hana jeraha na anakimbia vizuri, mrudishe jioni ile ile pale pale alipotoka, si msitu mwingine, kwa sababu nilishakueleza: kwingine kote kuna wenyewe. Ukikuta mtoto wa njule peke yake kiotani, mwache. Mtoto hukaa kiotani kama wiki mbili hivi, na mama kutokuwa naye hakumaanishi amemtupa. Kumfuga nyumbani hapana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali, na hata ukikipata hutampata sisimizi wa kumtosha.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mtu akiumwa na mbwa au na mnyama yeyote wa msituni, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo aulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Asingoje aone kama litavimba. Mkikuta buabua wengi wamekufa pamoja ufukweni, msiwaguse kwa mikono mitupu wala kuwapeleka jikoni. Waiteni KWS au ofisi ya mifugo, kwa sababu mafua ya ndege yamewahi kuua buabua sehemu nyingine. Ukimwokota mmoja mwenye pete ya chuma mguuni, andika kila herufi na namba, tarehe na mahali, upige picha. Akiwa hai mwachie na pete yake. Namba hizo zipeleke kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa Nairobi, au kwa watu wa A Rocha, shirika la hifadhi, hapo hapo Watamu. Njule aliyekufa naye usimtupe ukiwa na barafu karibu: waulize KWS kama makumbusho wanamhitaji.

Na ukipata daftari, naomba kitu kimoja. Kusi inayokuja, andika siku buabua wa kwanza watakapotua kwenye mwamba, siku utakapoona kinda la kwanza, na siku watakapoondoka. Chini yake nahodha aandike makadirio yake mwenyewe, hata kama ni "wamejaa". Baada ya misimu mitatu uniletee, tulifungue pamoja naye.